Mara ya Kumi na Nane

Mara kumi na saba nimefika Malindi
na sijaiona hata mara moja.
Nimeona mlango wa stoo, nimeona tairi,
nimeona mgongo wa gunia kabla ya alfajiri,
kisha turubai, kamba, injini inakohoa,
na huyoo, tumegeuza, twapanda bara.

Safari hii Bi Khadija Bunu ana msiba.
Stoo imefungwa, ufunguo uko matangani.
"Kesho asubuhi," kasema kijana wake,
"viazi havina haraka, vishafika."
Musyimi akazima lori. Nikashuka na jiwe langu,
nikalisukumiza nyuma ya gurudumu kama kawaida,
na ghafla tukawa watu wawili wenye mchana mzima
wasiojua mchana hutumiwaje.

Tukatembea. Musyimi, tangu Kimende
hajanyoosha mguu ila kwenye mizani ya Mariakani,
anatembea kama mtu anayetafuta klachi.
Vijana wa bodaboda wakatusalimu Kitaliano;
walipoviona viatu vyetu wakarudi kwenye Kiswahili.
Tukanunua viazi karai, vya manjano, vya moto.
Nikauma kimoja, nikasema:
"Hiki nakijua. Hiki nilikibeba mimi wiki jana."
Musyimi akacheka hadi ukwaju ukampanda puani.

Kwenye nguzo ya Mreno, mlinzi, Mwaringa,
akatukatia tiketi, akatukatia na maneno:
alifika, akapewa maji, akapewa mjuzi wa njia,
akavuka.
"Kumbe hata yeye hakuijua njia," kasema Musyimi,
akaonekana kupumzika kidogo.

Nguzo yenyewe nyeupe, fupi kuliko nilivyodhani,
msalaba kichwani, imekaa ukingoni mwa mwamba.
Wengine pale walipiga picha. Mimi niliona kabari.
Niliona jiwe la utingo
limetiwa nyuma ya nchi nzima
isije ikarudi kinyumenyume ikatumbukia majini.

Lakini maji!
Buluu niliyoiona kwenye kalenda ya kinyozi
sikuikuta. Nilikuta chai ya maziwa
kutoka miguuni pangu hadi macho yanapochoka.
Nikauliza kama bahari imeharibika.
"Ni Sabaki," kasema Mwaringa, akanyoosha mkono kaskazini.
"Mvua ikinyesha kwenu, huku rangi hubadilika."
"Kwetu wapi?"
"Huko juu. Bara."

Nikaufuata mto kwa kidole hewani
nifuatavyo barabara: Sabaki, Galana, Athi, Ruiru,
hadi kijito cha nyuma ya shamba la mama, Lari,
kile ambacho kila masika humeza safu moja ya viazi
na mama husimama ukingoni akikitukana
kwa Kikuyu cha kanisani.

Safu ile. Miaka yote ile.
Haikupimwa Mariakani, haikufunikwa turubai,
hakuna aliyeishusha kwa mgongo.
Imefika, imetandazwa,
na watoto wa Malindi wanaogelea ndani yake.

Nikavua viatu. Maji ya uvuguvugu.
Tope likanipenya kati ya vidole
kama nilipokuwa na miaka sita.
Musyimi akabaki mwambani, suruali kaikunja bure:
mtu aliyeteremka Mai Mahiu usiku, breki zikinuka,
anaogopa wimbi la magotini.

Nikampigia mama. "Nimeliona shamba lako."
Kimya. Kisha: "Umekunywa?"
"Bado. Limefika salama."

Asubuhi Bi Khadija alikuja, macho mekundu,
akahesabu magunia kwa sauti ya kukwaruza,
akakosea, akaanza upya; hatukumharakisha.
Musyimi akawasha. Nikainama kuchukua jiwe,
jiwe jeusi la Lari, miaka minne mkononi mwangu,
nikaliacha hapo hapo penye mlango wa stoo.
Nikaokota jingine, la matumbawe, matundu matupu, jepesi,
nikapanda nalo.

Musyimi akalitazama.
"Hilo litashika?"
"Tukifika mlimani tutajua."