Kisanduku cha Rafu ya Tatu

Duka la vifaa vya umeme, Tampere.
Veikko amekipangusa tena vumbi
kisanduku kisichozidi kiganja.
Mwaka juzi kiliitwa Upeo.
Mwaka jana, Upeo Zaidi.
Leo asubuhi imeletwa stika mpya: Anga.
Zile za zamani hazikubanduka vizuri.

"Mchezo umo humu ndani?"
Bi Hilkka, glavu za sufu bado mkononi.
"Haumo. Uko winguni."
Anageukia dirishani: mawingu tele, na theluji.
"Basi hiki ni nini?"
"Ni... mlango."
"Nikiununua mlango, nyumba ni yangu?"

Hapo Veikko hukwama kila siku.
Bango juu ya kichwa chake linasema CHEZA BILA MIPAKA;
kijana wa bangoni anacheka, mikono mitupu.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Hiki hakijiuzi, hakijitembezi,
kimekaa tu.
Na ni kizuri! Alikijaribu mwenyewe,
akakimbiza magari hadi alfajiri,
chai ikapoa,
na hadi leo hajui aiiteje furaha ile
kwa maneno yanayoenea kwenye stika.

Hilkka ananunua betri za redio.
Redio anaijua. Ina jina moja
tangu aolewe.