Siku Elfu, Toa Chumvi

Bi Barke alimtuma kijana dukani kwangu, Langoni:
ndoo na kipimo chako, saa haitoki ukutani,
na isinyamae, hata kwa pumzi moja.

Nikajua kazi ilipo.
Kupima mkondo ni kukata njia na kujiweka katikati,
na ukikata, mshale husimama.
Nikabeba mita, kipande cha bahasha
na kapasita nene kama kidole gumba.

Nyumba yao Mkomani, kuta za mawe pana kama mkono,
vidaka vimejaa sahani za bibi yake bibi,
na juu ya vidaka saa ya plastiki, ya kijani,
bei yake kilo mbili za sukari.
Nikapanda kiti. Betri moja, ya kidole,
ubavuni mwake kwa wino mweusi: 7 Rajabu.
"Mkono wa Lali huo," alisema Bi Barke.
"Aliitia mwenyewe. Wiki ya pili tukamzika."
Miaka mitano hiyo.

Nikashikiza kwanza nyaya za mita, moja huku, moja kule,
kisha nikapenyeza bahasha baina ya betri na bati lake,
polepole, kama mtu atoaye mwiba
mguuni mwa mtoto aliyelala.
Saa haikujua. Mkondo uligeuza njia, ukapitia kwangu.

Saa hainywi kama bomba.
Hudokoa. Tone, kisha usingizi. Tone, kisha usingizi.
Mita ikawa yaruka, mara sifuri, mara elfu mbili,
hadi nikaweka kapasita iwe mtungi,
ipokee matone, inipe wastani:
maikroampea mia.
(Mita nayo huonja. Nikaitolea sehemu yake,
kama muuza dagaa atoaye uzito wa kikapu.)

Hesabu niliiandika kiganjani.
Betri, miliampea-saa elfu mbili na mia nne.
Gawa kwa moja ya kumi:
saa elfu ishirini na nne, siku elfu moja kamili.
Toa chumvi ya hewa yetu, ilayo shaba na misumari.
Toa betri yenyewe, ivujayo hata ikiwa bado kwenye pakiti.
Toa makombo ya chini ambayo saa haiwezi kuyaramba.
Mia saba. Nane ukibahatika.
Miaka miwili, hivi.

Si mitano.

Nikageuza kitufe, nikapima volti: moja nukta sita.
Betri changa, haijamaliza mwezi.
Mlangoni pa jiko Zena amesimama na sinia,
macho kwangu, hapepesi.

"Haya, fundi. Imebaki muda gani?"

Nilikohoa. Nikasema Lali alijua kuchagua betri.
Nikasema siku mia saba, na sikusema
zinahesabiwa tangu lini.
Zena akaweka sinia, akarudi jikoni
kuosha vikombe ambavyo havijatumika.

Bi Barke alinisindikiza hadi dakani,
akaurudisha mlango nyuma yake.
"Saba ya Lali haikuwa na mkato tumboni.
Ile ni saba ya shule, ya Zena.
Mara hii alipanda kiti usiku wa manane, gizani,
nikasikia goti likigonga ukuta,
nami ni macho, nakoroma kwa makusudi.
Nipe siku, mwanangu.
Siku hiyo nitalala kwa dada yangu Matondoni,
mtoto aifanye mchana, mwanga upo,
asije akavunjika mguu kwa ajili yangu."

Punda akapita na mifuko ya mchanga, tukabana ukutani.
Nikahesabu upya, kuanzia mwezi uliopita,
nikatoa chumvi, nikatoa mita,
nikatoa na wiki mbili za tahadhari,
nikaandika tarehe kwenye kile kipande cha bahasha.
Alikikunja mara tatu, akakifunga pindoni mwa leso.

"Na ya kwanza?" nikauliza. "Ya Lali hasa?"
Akagusa fundo jingine, la zamani, halikufunguka.