Herufi Moja

Niliinadi mtandaoni cherehani ya marehemu mama,
ile ya miguu, yenye gurudumu linaloimba
kila ukikanyaga. Siku saba za mnada.
Wa Lira akapandisha, wa Masaka akapandisha,
usiku wa mwisho tukakesha na Drijaru
tukihesabu sekunde kwenye simu yenye ufa:
laki mbili na elfu arobaini!
Drijaru akapiga kigelegele, jirani akagonga ukuta.

Asubuhi pesa zikaanza kunyonyoka.
Ada ya kutangaza. Ada ya kuuza,
sikujua kuuza nako kunalipiwa.
Ada ya kupokea, ada ya kutoa,
na nyingine ndogo isiyo na jina,
kama panya aliyepita tu jikoni.

Si haba, nikasema, mabati matatu yatapatikana.
Nikabonyeza.
Kwa usalama wako, akaunti imefungwa.

Kitambulisho kinasema Ayikoru.
Mtandao unasema Aikoru.
Herufi moja, nami si mimi.
Nimepiga picha ya uso mara nne;
ya tano nikatabasamu, labda ndivyo wanavyotaka.
Ombi lako limepokewa. Tangu Pasaka.

Wakala wa pesa, hapa sokoni Arua,
anakunja mwavuli wake wa manjano:
"Dada, pesa unazo. Mlango wake ndio huna."

Na huko Masaka mtu nisiyemjua
anakanyaga, gurudumu linaimba.
Jana kanipa nyota tano
na swali: inatiwa mafuta gani?

Nikamjibu.
Hilo halikuwa na ada.