Buti Nyekundu

Ukumbi wa tatu, karibu na hita,
ametundikwa kaka yangu Nikanor.
Ana miaka minane. Hataongeza.
Ameshika nyota ya karatasi kwenye ufito,
mdomo wazi, anaimba Krismasi mlangoni pa watu,
na theluji nyuma yake ni ya samawati.
Hapo mchoraji hakudanganya:
jioni theluji yetu ilikuwa hivyo hasa,
rangi ya maziwa yaliyoenguliwa malai.

Lakini buti!
Buti za sufi, nyekundu, mpya,
za kwake peke yake.
Nani alimpa?

Kwetu kulikuwa na jozi moja, ya kijivu,
kisigino cha kushoto kina kiraka cha ngozi ya farasi.
Tuliivaa kwa zamu.
Yeye akitoka, mimi hubaki juu ya jiko la udongo,
miguu nimeikunja ndani ya koti la mama,
napuliza, napuliza kioo cha dirisha
mpaka barafu itoboke tundu la ukubwa wa kopeki,
nimwone akipita.
Kisha anarudi, buti zimejaa baridi,
nazivaa hivyo hivyo, nakimbia
kabla mshumaa wa nyota haujazimika.

Bwana yule alikuja na farasi wa kukodi
na kisanduku kilichonuka mafuta ya kitani.
Alimpa Nikanor bonge la sukari ili asitikisike.
Nusu aliificha shavuni.
Niliila ikiwa na joto la mdomo wake.

Barua yake ya mwisho kutoka jeshini
iliomba soksi.

Leo mama mmoja mwenye fimbo ya kuonyeshea
anawaambia wanafunzi: “Tazameni furaha ya watoto wa kijijini.”
Wanatazama. Mmoja anapiga miayo.
Mwingine, wa kike, kamasi zinamtoka, anauliza:
“Na lile doa dirishani ni nini?”

Doa gani?

Kushoto, nyumba iliyozama thelujini hadi kiunoni,
dirisha jeupe kwa barafu,
na katikati ya weupe
nukta moja nyeusi.

Pengine brashi iliteleza.
Pengine nzi, kiangazi fulani, alitua rangi ikiwa mbichi.
Miwani yangu ni ya zamani.
Nikasogea, nikasogea tena,
pua karibu iguse fremu,
hadi mlinzi akainuka kitini:
“Bibi, tafadhali,
usiipulizie picha.”