Ukungu

Hapa Sohra mvua haipigi hodi.
Ina ufunguo wake.
Hulala viatuni, huamkia kwenye chumvi,
na ikikosa pa kukaa huingia kiooni
ikaotesha nyuzi nyembamba,
utando wa buibui aliyekufa njaa.

Kong Phidalia huziita wageni.
Mimi naziita ukungu,
neno lilelile la huku nje bondeni,
maana sijaona tofauti:
huu unaficha mlima, ule unaficha ugonjwa.

"Ishike shingo na kitako," aliniambia siku ya kwanza.
"Mikono miwili. Hadubini si ndoo.
Shusha meza yake. Zungusha, lenzi fupi ije chini.
Punguza mwanga kwanza, ndipo uzime;
balbu nayo ina moyo, haipendi kushtuliwa.
Vumbi lipulize kwa kipira, si kwa mdomo,
mate yako yana mambo mengi.
Kisha karatasi laini, spiriti tone moja, tone tu,
anza katikati, zunguka ukienda nje
kama mtu anayetoka sokoni bila kugombana."
Na pindo la gauni?
"Pindo la gauni ni la kufutia machozi."

Nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili.

Jumamosi moja ya Julai nilikuwa na haraka,
gari la Shillong halisubiri mtu.
Nikaacha mafuta kwenye lenzi ya mia,
nikatupia kifuniko, nikaenda zangu.
Jumatatu yalikuwa yameganda, manjano,
nami sikuyaona.
Nilichoona ni damu ya Bremly, dereva wa lori la chokaa,
ina utusitusi, imetulia,
nikaandika: hakuna vimelea.

Jioni Kong alipitia slaidi zangu, kama kawaida yake.
Hakusema neno.
Akafuta mara moja, mara mbili,
karatasi ya tatu ikatoka safi,
akanipisha kiti.
Pete.
Pete ndogo za zambarau,
harusi nzima ndani ya damu ya mtu mmoja.

Tulimfuata kwa miguu hadi chini ya kilima,
ngao za mianzi mgongoni, ngazi za mawe zikiteleza.
Tulimkuta ndani ya blanketi tatu, anatetemeka,
mkewe akimkanda nyayo.
Kong akampa dawa, akanywa chai, akaisifu chai.
Wakati wa kurudi, tumefika nusu ya ngazi, ndipo aliposema:
"Lenzi haikudanganya. Iliambiwa inyamaze."

Kwetu nyumba hurithiwa na binti wa mwisho.
Alipostaafu, maabara ilikuwa na watu watano,
wote wakubwa zangu,
akanipa mimi ufunguo wa kabati.
Kabati lenyewe la mbao, matundu kumi na mawili,
balbu ya wati arubaini inayowaka mchana na usiku,
na kikombe cha punje za buluu.
Zikigeuka waridi zimeshiba maji.
Nazikaanga kwenye kikaango kisichopikiwa kitu kingine,
nakoroga, mpaka buluu irudi.
Mwanangu huuliza zitaiva lini.

Usiku umeme ukikatika nashtuka
kabla mbwa hajashtuka.
Najua kule kabatini balbu imezimika,
na mlangoni amesimama
yule mwingine mwenye ufunguo.