Daftari la Kavugho

Moto wa mlima ulipoteremka hadi Birere
ulilianza duka la shangazi mlangoni:
mizani, mawese, miche ya sabuni,
ukamalizia na daftari la madeni.
Waliokopa walimshukuru Mungu kimyakimya.
Nilikuwepo. Niliona midomo yao.

Miezi mitatu baadaye, juu ya jiwe lenye joto bado
(ukimwaga maji yanafuka),
Kavugho alitandaza gunia, akapanga nyanya nne nne,
akaanza kuwaita.

"Balume. Elfu moja, mia saba na arobaini."
Balume akacheka. Imeandikwa wapi?
"Saba ni ganda la parachichi. Nne inanuka chuma kilicholowa.
Siku ile ganda lilitangulia, chuma kikafuata,
na mwanao mkononi alikuwa akilia
kilio chenye rangi ya kutu."
Balume aliacha kucheka. Akahesabu noti.
Nani atabishana na mtu
ambaye bado anakiona kilio cha mtoto wako?

Usiku nikamwuliza: tangu lini tarakimu zina rangi?
Akanishangaa. "Kwani zako hazina?"
Zangu nyeusi, shangazi. Zote.
Nyeusi juu ya nyeusi, kama ardhi ya Goma,
ndiyo maana kila siku najikwaa.

Alicheka mpaka akashika ubavu.
Kisha akasema, akichambua maharage gizani kwa vidole:
"Si akili. Usije ukawaambia watu ni akili.
Masista walinichapa niliposema Jumatano ina chumvi,
nikajifunza kunyamaza, chumvi ikabaki.
Wewe kitu unakifunga kwa kamba moja;
ikikatika, mbuzi kaenda.
Mbuzi wangu ana kamba ya jicho,
ana ya pua, ana ya ulimi.
Ataenda wapi?"

Lakini alikosea mara moja, lazima niseme.
Nane na jina la Sifa kwake ni zambarau moja,
basi akamdai Sifa elfu nane za mtu mwingine,
mbele za watu.
Alimpelekea mkungu wa ndizi, akaomba radhi hadi jioni.

Wakaanza kuja na wasiodaiwa.
Mjane wa fundi saa: mlango wetu ulikuwa namba ngapi?
Kijana wa chukudu, amebeba magunia sita ya makala:
marehemu mama alikuwa akinunua nini kwako?
"Chumvi robo, na kiberiti. Sauti yake ilikuwa na manyoya,
ya kifaranga, ya manjano, ya siku ya kwanza."
Kijana akasimama pale na mzigo wake,
nyuma wakimpigia honi,
hasogei.

Sijasema habari za Kambere.
Mumewe. Usiku ule tulikuwa tumeukaribia mpaka,
watu na magodoro, anga nyekundu mpaka ziwani,
akasimama ghafla, akajipapasa kifuani: daftari!
Akatukabidhi mtungi wa maji, akarudi mbio.

Shangazi alikuwa nalo zima kichwani,
ukurasa kwa ukurasa, limepakwa rangi.
Miaka kumi na moja ya ndoa, hakuwahi kumwambia.
Masista walimfunza vizuri.
Na alipofungua kinywa amwite,
Kambere alikwisha kuwa mgongo mmoja
kati ya migongo.

Siku hizi hapangi parachichi saba pamoja.
Sita, au nane, hata mteja akibembeleza.
Na jina la Kambere hatulitamki karibu naye;
mimi tu, likinitoka kwa bahati mbaya,
namwona anainua macho kidogo, upande wa kulia,
midomo ikichezacheza,
kama mtu anayesoma.