Pete ya Jicho la Kulia

Karakana yetu iko Duluth, juu kilimani,
nyuma ya duka la matairi.
Mbele wanauza mahema, buti,
mabegi ya kulalia yanayoahidi usingizi
kwenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri
(ahadi niliyoijaribu usiku mmoja, basi).
Nyuma tuko mimi na Verlyn, taa mbili,
na darubini zilizougua.

Zote hurudi kwetu. Kwenye kila kasha tumeandika
DHAMANA YA MAISHA,
bila kusema maisha ya nani.

Hurudi na mchanga, na mate ya mbwa.
Moja ilikanyagwa na trekta.
Moja ilikaa chini ya barafu miezi minne
ikatoka inaona kuliko mwenyewe.
Mwindaji mmoja wa Ely huvunja ya kwake kila Novemba,
na kila Novemba huandika kwenye fomu:
Imeanguka yenyewe.

Hii ilikuja Jumanne, imeviringwa taulo la jikoni,
na barua ya Bi Arlys Tveit wa Two Harbors:
Ilikuwa ya Orrin. Imeingia ukungu.
Mimi sioni kitu humo. Labda imeharibika,
labda ni mimi.

Ndani ya kifuniko cha mkoba, kwa penseli,
Septemba juu ya Septemba:
Vipanga 412. Upepo wa kaskazini. Shingo inauma.
Vipanga 1,090. Arlys kaleta supu.
Vipanga 3. Mvua. Nimebaki.

Nikaifungua, skurubu kwa skurubu.
Ukungu ule ulikuwa kuvu,
mweupe, wenye matawi,
umejijengea makazi juu ya kioo.
Nikaosha kwa pamba na spiriti.
Nikailinganisha mirija miwili,
maana ikipishana hata upana wa unywele
kichwa humgonga mtu hadi usiku
naye hulaumu macho yake.
Nikajaza naitrojeni, nikaziba,
nikaenda nayo dirishani kutazama ziwa.

Jicho la kushoto: meli ya mawe ya chuma,
kutu yake, jina lake, baharia anayepiga mwayo.
Jicho la kulia: uji.

Ndipo nikaiona pete,
ile ndogo, ya kurekebishia jicho la kulia.
Imesimama kwenye hasi mbili na nusu,
imegandia hapo kwa jasho la kidole kimoja
miaka sijui mingapi.
Haikuwa imeharibika.
Ilikuwa bado inaona kwa jicho la Orrin.

Kanuni ya saba, ukutani, kwa herufi nene:
RUDISHA PETE KWENYE SIFURI KABLA YA KUFUNGASHA.
"Sifuri," akasema Verlyn bila kuinua kichwa.
"Mama wa watu anataka kuona ndege."
Ana haki. Verlyn huwa na haki mara nyingi,
ndiyo maana hula chakula cha mchana peke yake.

Asiyekuwepo na lake halipo, husemwa.
Lake lilikuwepo.
Upana wa ukucha, kati ya gumba langu na cha shahada.

Nilingoja Verlyn aende kuvuta sigara.
Nikalainisha pete, ikazunguka kama mpya,
nikairudisha pale pale, hasi mbili na nusu,
nikatia doa la rangi ya kucha, jekundu,
dogo kuliko mbegu ya ufuta.
Nikaandika: Bi Tveit, darubini ni nzima, na wewe ni mzima.
Zungusha pete hii polepole mpaka ndege akae sawa.
Doa ni pale alipokuwa yeye,
ukitaka kurudi.

Hajajibu. Si lazima, dhamana haidai majibu.

Novemba imefika. Leo asubuhi, kasha kutoka Ely:
Imeanguka yenyewe.
Nikashika bisibisi, nikaiweka chini.
Kwanza nikatazama pete yake,
nikaandika kwenye kipande cha karatasi:
chanya moja.